Maji Yanapanda, Moyo Unakimbia

Capitoline alikuwa fundi wa nguo mjini Uvira. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye avenue, ile iliyotazama ziwa. Baba yake ndiye aliyeijenga, na yeye mwenyewe alizaliwa humo. Mashini yake ya kushona ilikaa barazani. Wateja walimkuta hapo tangu asubuhi: mama mwenye kitenge kipya, mwalimu mwenye suruali iliyochanika, wazazi waliotafuta iniforme za shule.

Mume wake, Bienvenu, alilima mpunga kule Kiringye, katika bonde la Ruzizi. Wiki nzima alikuwa shambani. Jumamosi alirudi nyumbani. Watoto wao walikuwa wawili: Naomie, binti wa miaka kumi na minne, na Chadrack, wa miaka sita.

Mwaka ule mvua hazikukoma, na ziwa likaanza kupanda. Kwanza lilimeza mchanga ambapo akina mama walianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Kisha likaingia katika mihogo. Kisha likaangusha choo cha jirani. Capitoline alichomeka kijiti mahali maji yalipoishia. Kesho yake kijiti kilikuwa ndani ya maji. Akachomeka kingine.

Tangu siku hiyo, kazi yake ya kwanza ya asubuhi ilikuwa kwenda kuangalia kijiti. Hakunawa uso kwanza. Hakuwasha makaa. Alikwenda, aliangalia, akachomeka kingine, akarudi.

Mchana alisikiliza telefoni. Watu walikuwa wanatumiana sauti za WhatsApp. Moja ilisema ziwa litafika barabara kuu kabla ya Jumapili. Nyingine ilisema mto unaopita mjini utavunja kingo zake na kubeba kartie nzima, mtaa wote. Hakuna aliyejua nani alisema maneno hayo. Capitoline alisikiliza zote, tena mara mbili mbili.

Chakula kilimshinda. Alikunywa chai nyeusi, kikombe baada ya kikombe, ili apate nguvu. Usingizi nao ulimkimbia. Kwaya ya kanisani, ambako aliimba miaka kumi na miwili, aliiacha.

"Mama, haujakula tangu jana," Naomie alimwambia siku moja.

"Nitakula. Acha nimalize hii robe kwanza."

Robe hiyo ilikuwa gauni la bibi harusi. Capitoline alikata kitambaa, akashona, akapiga pasi. Alipoinyanyua juu ili aitazame, akaona kwamba alikuwa amekata mikono miwili ya kushoto. Katika miaka yote ya ufundi, jambo hilo halikuwahi kumpata. Kitambaa kilichobaki hakikutosha kukata mkono mwingine.

Aliketi akaitazama ile robe. Chadrack akaja mbio kutoka nje na kugonga sanduku la nyuzi. Nyuzi zikamwagika sakafuni. Capitoline akampiga kofi, akamfokea mpaka majirani wakasikia. Mtoto hakulia. Alirudi nyuma polepole, akajificha nyuma ya dada yake. Capitoline alipoyaona macho yake, aliona aibu, akainama kuokota nyuzi.

Siku mbili baadaye alikwenda sokoni na Naomie kutafuta kitambaa kinachofanana na kile cha robe. Jua lilikuwa kali. Motari, waendesha pikipiki za abiria, walipiga honi, watu walisukumana. Ghafla moyo wake ukaanza kwenda mbio. Vidole vikafa ganzi. Jasho likamtoka, lakini mwili ulikuwa baridi. Alitaka kuvuta pumzi, pumzi haikuingia. Alishika bega la binti yake.

"Naomie, niko nakufa," alisema. "Uangalie mudogo wako."

Naomie alisimamisha pikipiki. Motari aliwapakia wote wawili na kuwafikisha kwenye sante ya kartie, kituo kidogo cha afya chenye vyumba vitatu.

Muuguzi pale aliitwa Étienne. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimpima tansio, yaani shinikizo la damu, alisikiliza kifua, alihesabu mapigo ya moyo, alipima damu kutafuta malaria. Alimwuliza kama ana mimba. Alimwuliza anakula nini, analala saa ngapi, na nini kimetokea nyumbani. Mwisho alivuta kiti akaketi mbele yake.

"Mama Naomie, moyo yako iko muzima," alisema. "Malaria hakuna. Tansio imepanda kidogo, tutaipima tena kiisha wiki moja."

"Sasa unasema minye niko nadanganya?"

"Hapana. Maumivu yako ni ya kweli. Mwili yako iko na woga, na woga ikikaa siku nyingi inafanya moyo ikimbie, inakata pumzi, inafukuza usingizi. Inapataka watu wengi hapa, na wanaume pia."

"Kwa hiyo niko mwenda wazimu."

"Sijasema vile. Uko muntu mwenye amechoka. Lakini unisikilize vizuri. Kama kifua inauma na maumivu inashuka ku mukono, ao unaanguka, ao unaanza kuwaza kama heri ufe, usingoje. Urudi hapa siku ile ile. Kwa sasa nitatuma maman Josée, mujitolea wetu wa afya, akuje kukutembelea."

Capitoline alirudi nyumbani bila dawa mkononi, na jambo hilo lilimuudhi. Jirani yake Sabine alikuja kumpa pole. Sabine alikaa nyumba ya pili kutoka ziwani, na yeye pia maji yalikuwa yanamfuata.

"Walipima, wakakosa ugonjwa?" Sabine aliuliza. "Basi ni sumu. Kuna muntu alikutilia kitu. Uende kwa mwenye dawa za miti, atakutapisha."

"Nani atanitilia sumu, Sabine?"

"Watu wabaya hawapungukake."

Maneno hayo yalimuingia Capitoline. Jioni ile alihesabu kichwani watu wote waliompa chakula au kinywaji. Sasa alikuwa na woga wa maji, na juu yake woga wa watu.

Kesho yake asubuhi Josée alifika. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini, mwenye sauti ya chini. Alikuwa mjitolea wa afya wa kartie, yule anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za chanjo na za maji safi. Alizaliwa Rurambo, juu mlimani, kwa watu wa ng'ombe. Hakutoa daftari. Aliomba kigoda, akaketi karibu na mashini, akaanza kuzungusha uzi uliokuwa umechanganyika.

"Kule kwetu," alisema baada ya muda, "ng'ombe ikisikia fisi, masikio inasimama, moyo inapiga, inakimbia. Ile ni vizuri, inaiponesha. Lakini fisi ikienda, ng'ombe inainamisha kichwa na kukula majani. Siye watu, fisi imeenda zamani, bado tunakimbia."

Capitoline akatazama ziwa. "Yangu fisi haijaenda, maman Josée. Iko pale. Unaiona."

Josée aliacha kuzungusha uzi. Alitazama maji. Yalikuwa hatua kama thelathini kutoka jikoni.

"Ni kweli," alisema. "Sitakudanganya. Minye sina kitu ya kushusha ziwa. Lakini kama unakimbia muchana na usiku, siku fisi itafika utakuwa umeanguka zamani. Ni nani atabeba watoto?"

Capitoline aliyaondoa macho ziwani, akamgeukia Josée.

"Weka mukono hapa ku tumbo," Josée alisema. "Vuta pumzi na pua, polepole, mpaka mukono inyanyuke. Hesabu ine. Sasa uitoe na kinywa sawa vile unapuliza chai ya moto. Hesabu sita. Usifanye haraka."

"Kupumua napumua tangu nizaliwe."

"Hapana, mama. Weye unapumua na mabega. Nimekuangalia tangu niingie."

Walifanya mara kumi. Capitoline alijiona kama mtoto wa shule ya chekechea. Josée alimwomba mambo mengine matatu tu: ale mchana, hata kama ni ugali kidogo na sombe ya majani ya mihogo, aache chai nyeusi baada ya saa sita, na sauti za telefoni azisikilize mara moja kwa siku, si zaidi, kisha amwulize mkuu wa avenue kama ni za kweli.

"Na hii habari ya sumu?" Capitoline aliuliza kwa sauti ndogo.

"Étienne alikupima. Sumu haianzake siku maji inapanda na kupunguka siku mvua inakatika. Yako inafanya vile, ama hapana?"

Capitoline alifikiri. Ilikuwa kweli. Siku za jua alikuwa na nafuu.

Siku tatu alijaribu. Hakuona kitu. Siku ya nne mvua ilinyesha tangu alfajiri, akasahau yote. Alikunywa chai, alisikiliza telefoni asubuhi nzima, alimfokea Naomie kwa sababu ya sahani moja chafu. Siku iliyofuata alipotoa mkeka wa Chadrack nje, aliukuta umelowa. Mtoto alikuwa ameacha kukojoa kitandani tangu miaka mitatu iliyopita.

"Imeanza lini?" alimwuliza Naomie.

Naomie alitazama chini. "Kama mwezi. Nilikuwa nafua wakati unaenda kuangalia kijiti, ili usikasirike."

Capitoline alishika mkeka ule. Mwezi mzima binti yake alikuwa anafua kwa siri. Mwezi mzima mtoto wake mdogo alikuwa anabeba woga ambao haukuwa wake. Aliketi kwenye kizingiti, akalia. Kilikuwa kilio cha kwanza tangu ziwa lianze kupanda. Naomie akaketi karibu naye. Chadrack akaja, akasimama mbali kidogo.

"Kuya hapa," Capitoline alimwambia. "Mama alikosa. Sikupaswa kukupiga. Mama anaogopa maji."

"Minye pia," Chadrack alisema.

Siku ile ile alimtuma Naomie kumwita Josée. Mara hii hakubishana.

"Ni nani anajua kama uko na mambo haya yote?" Josée aliuliza.

"Weye, Étienne, na Naomie."

"Na Baba Naomie?"

"Yeye yuko shambani. Ku telefoni namwambia tuko salama, na Jumamosi namuficha. Sitaki kumuzidishia mizigo."

"Muzigo ya watu wawili, mumoja anabeba pekee yake, na mwingine hajui kama kuna muzigo. Hiyo si mapendo, mama. Umwambie."

Jumamosi Bienvenu alifika na mfuko wa mchele begani. Baada ya chakula Capitoline alimwomba waketi. Alimweleza vyote: sokoni, robe, kofi, mkeka. Alitegemea mume wake amwambie awe na nguvu. Bienvenu alichezea kofia yake.

"Minye pia silalake," alisema mwisho. "Kule Kiringye, kila mvua ikinyesha nawaza nyumba imeanguka juu yenu. Nilikuwa naogopa kukwambia."

Josée alikuwa amemfundisha Capitoline kutenga mawazo mafungu mawili, kama vile anavyotenga nguo za kukata na nguo za kupiga pasi. Fungu moja ni mambo ambayo mikono yako inaweza kufanya. Fungu la pili ni yale yasiyo mikononi mwako. Hayo unamwachia Mungu, na unamwachia kila siku, kwa sababu kila siku yanarudi. Mume na mke waliyapitia pamoja. Mvua ilikuwa fungu la pili. Ziwa pia. Kuiacha nyumba ya baba, hapo walibishana kwa muda mrefu.

"Nilizaliwa hapa," Capitoline alisema.

"Najua. Lakini watoto wetu ndio nyumba ya baba yako sasa."

Mwishowe walikata shauri. Modeste, binamu wa Bienvenu, alikuwa na chumba kitupu katika kartie ya juu, karibu na mlima. Maji yakifika jikoni, watahama, bila kungoja kesho. Kwanza watatoka watoto, kisha mfuko wa karatasi za serikali na za shule, kisha mashini, kisha godoro. Naomie aliandika mpango huo kwenye ukurasa wa daftari na kuubandika ukutani.

Wiki zilizofuata Capitoline alishika utaratibu. Kijiti alikiangalia mara moja, baada ya kunywa uji, si kabla. Saa kumi alasiri alifunga mashini, akatembea na Josée kwa mguu mpaka bandari ya Kalundu na kurudi. Njiani waliongea. Miguu ilichoka, na mwili uliochoka kwa kutembea ulikubali kulala. Jumatano alirudi kwenye kwaya. Siku ya kwanza sauti yake ilikatika katikati ya wimbo. Wenzake waliendelea kuimba mpaka akapata pumzi na kuingia tena. Mwimbishaji alimwambia, "Sali na mudomo ikiweza. Ikishindwa, ukae tu hapa na siye."

Woga haukuisha. Siku nyingine ulimpiga tena, akiwa anashona au anapika. Lakini sasa aliujua. Aliweka mkono tumboni, akahesabu, akangoja upite. Na ulipita. Étienne alimpima tansio mara ya pili. Ilikuwa imeshuka.

Kisha ikafika Ijumaa moja, saa nane mchana. Upepo mkali ulitoka upande wa ziwa. Mawimbi yalipanda kuliko siku zote. Capitoline alisikia Naomie akiita kutoka jikoni. Alikwenda akaona maji yanazunguka mafiga, na majivu yanaelea.

Moyo wake ukaanza kukimbia. Vidole vikafa ganzi kama siku ile ya soko. Aliketi kwenye kizingiti, maji yakiwa miguuni. Naomie alimtazama kwa woga.

"Ngojea," Capitoline alisema. "Nihesabu kwanza."

Alivuta pumzi, akaitoa. Mara moja. Mara mbili. Mara tano. Kichwa chake kikatulia. Hakuhitaji kuisoma ile karatasi ukutani.

"Shika Chadrack mukono. Chukua mufuko ya karatasi. Muende kwa baba Modeste, mupite ku barabara kubwa, si kando ya muto. Umwambie alete mukokoteni."

Watoto waliondoka. Capitoline alianza kufungua mashini kutoka kwenye meza yake. Hapo akamwona Sabine. Sabine alikuwa amesimama katikati ya uwanja wake, maji yamefika miguuni, na mkononi ameshika beseni tupu. Hakusogea. Watoto wake wawili wadogo walikuwa mlangoni wanalia.

Capitoline aliacha mashini. Alivuka maji, akamshika Sabine mabega.

"Mama, uniangalie. Usiangalie maji. Uniangalie minye."

"Siwezi kupumua," Sabine alisema. "Niko nakufa."

"Haufi. Najua ile kitu. Inapitaka. Puliza, sawa vile unapuliza chai ya moto. Polepole. Tena."

Walisimama hivyo kwa muda ambao Capitoline aliuona mrefu sana. Nyuma yake alisikia ukuta wa jikoni ukipasuka. Hakugeuka. Uso wa Sabine ukaanza kurudia rangi yake. Beseni likaanguka majini.

"Sasa beba huyu mutoto mudogo," Capitoline alisema. "Minye nachukua mukubwa."

Jikoni ilianguka kabla ya saa kumi. Modeste na vijana wa avenue walikuwa wameshatoa mashini, godoro na sufuria mbili. Kabati la baba yake Capitoline lilibaki ndani. Lakini katika nyumba zile mbili hakuna mtu aliyeumia.

Sasa miezi minne imepita. Capitoline anashona mbele ya chumba cha Modeste, katika kartie ya juu. Mkeka wa Chadrack unaamka mkavu. Naomie amepata marafiki wapya wa kuchota nao maji. Bienvenu anapiga telefoni kila jioni, na wote wawili wanaambiana ukweli wa siku. Robe ya bibi harusi ilipata mkono wake wa kulia kutoka kitambaa cha rangi nyingine, na wageni walidhani ni mtindo mpya.

Alasiri wanawake sita hutembea pamoja, Josée mbele, Sabine na Capitoline nyuma yake. Wiki iliyopita walipita barabara ya juu, mahali ambapo paa la nyumba ya baba yake Capitoline linaonekana katikati ya maji. Capitoline alisimama. Wenzake walisimama naye.

"Uko aje, mama?" Josée alimwuliza.

Capitoline alilitazama lile paa.

"Leo niko na huzuni ya nyumba ya baba," alisema. "Lakini nimekula, na nitalala."

Alifunga kitenge chake vizuri kiunoni, wakaendelea na njia.